Siku Baba Alipopanda Kutazama Maji Moto

Kibuli, Kampala
24 Juni 2025

Mdogo wangu Zuleika,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta na afya, wewe na shemeji Nasif na binti yetu Taqwa. Hapa Kibuli hatujambo. Mvua imekatika na vumbi la barabara ya msikitini limeanza kuingia dukani, nashinda nikipangusa kofia moja moja. Mpangaji wa chumba cha nyuma amejifungua mtoto wa kike. Kanzu zilizobaki baada ya Idd nimezirudisha kwenye makasha.

Baba alifika salama Jumapili. Nasif alimleta hadi mlangoni, akakataa hata kunywa maji, akasema basi la kurudi linamsubiri. Nadhani aliona uso wangu.

Utashangaa kuona karatasi. Nimejitoa kwenye grupu la familia, hilo unalijua, na simu zako sikuzipokea kwa kusudi. Kwenye simu wewe huanza kulia, mimi hunyamaza, na mwisho wake hakuna lililosemwa. Kwa hiyo nimeandika, na nimempa Ojok, yule kondakta wa basi la asubuhi, akuachie hapo dukani kwenu Fort Portal.

Jambo lenyewe ni zile picha za Sempaya. Kumi na nne. Nimeziangalia zote, tena si mara moja. Baba anatembea msituni juu ya njia ya mbao. Baba amesimama kwenye ngazi, suruali ameikunja, fimbo yake ameishika Taqwa. Baba juu kabisa, pale mahali pa kutazamia, moshi wa maji moto nyuma yake, na ameshika yai lililochemshwa kwenye chemchemi kana kwamba amepewa zawadi ya kumaliza shule. Na anacheka. Zuleika, meno yanaonekana! Mimi meno ya Baba sijayaona tangu Mama yangu alipofariki, na hiyo ni miaka minane.

Hapa nyumbani Baba haendi msikitini bila kunishika bega. Ukimwambia atembee hadi kwa muuza nyanya, magoti yanamuuma. Miaka minane namwomba, "Baba, tutoke kidogo, hata Entebbe tukaone maji." Anajibu, "Nenda wewe, mimi nimechoka." Kumbe kwako hakuchoka.

Na chini ya picha uliandika: "Leo Baba alikuwa wangu." Ndugu zetu wote wakaweka mioyo, shangazi wa Jinja akaandika mashallah. Hakuna aliyeuliza nani alimfulia hiyo kanzu, nani alimpakia dawa za presha kwenye vikopo vya asubuhi na jioni.

Sina wivu. Nauliza tu ulimfanya nini.

Wasalimu wote.

Dada yako,
Sabah


Fort Portal
3 Julai 2025

Dada yangu mpenzi Sabah,

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako Ojok aliileta Ijumaa wakati Nasif yuko msikitini, nikaisoma nimesimama nyuma ya kaunta. Sisi wazima, alhamdulillah, ila Taqwa ameng'oka jino la mbele na hataki kutabasamu mbele za watu. Hali ya hewa ni baridi, ukungu hautoki mlimani hadi saa nne. Mpe hongera mpangaji wako kwa mtoto.

Dada, hatukumfanya Baba chochote. Lilikuwa wazo la Taqwa. Shuleni walipelekwa kule, akarudi anaimba maji moto, maji moto, mpaka Nasif akasema basi twendeni sote, na Babu yumo. Nikapiga simu kuuliza kama mzee wa miaka sabini na tisa anaweza. Wakaniambia ni matembezi mepesi, watoto wa chekechea wanapanda, dakika arobaini ukienda polepole, na kuna mabenchi. Tuliteremka mlima kwa gari la rafiki yake Nasif, ile barabara ya kona nyingi, Baba amekaa mbele anasoma dua kila kona.

Kiongozi wetu alikuwa dada mmoja mwenye sare, anaitwa Nabangala. Alitembea kwa hatua za Baba, hakumharakisha. Msituni kulikuwa na kima weusi wenye mikia mirefu myeupe, na Baba akawasalimia! Halafu tukapanda ngazi za kuelekea juu, nikadhani hapo ndipo atakaa chini. Akampa Taqwa fimbo, akanishika mkono mimi, akapanda. Juu pale unaona maji yanaruka kutoka kwenye jiwe, mvuke mweupe, mitende pande zote, na mbali kabisa milima ya Kongo. Nabangala alituletea mayai kutoka chini kwenye jani. Baba alikula mawili.

Alizungumza sana pale juu. Mengine nimeyasahau.

Yale maneno niliyoandika chini ya picha nisamehe. Niliandika haraka.

Sasa nina ombi, na tafadhali usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Nasif na mimi tunafikiria Baba aje akae nasi nusu ya mwaka. Chumba kipo, kinaangalia bustani. Wewe utapumzika, utakwenda Mombasa kwa yule rafiki yako unayemtaja kila siku. Fikiria tu.

Mwambie Baba, Taqwa anasema jino analiweka amwonyeshe.

Nakupenda,
Zuleika


Kibuli
21 Julai 2025

Zuleika,

Salamu nyingi. Wote wazima. Mtoto wa mpangaji ameitwa Sabah, kwa heshima yangu wanasema, ingawa naona ni kwa ajili ya kodi.

Jibu langu kuhusu ombi lako ni hapana.

Baba ana daktari wake hapa, ana wanafunzi wake wa zamani wanaokuja kumsalimia baada ya swala ya Ijumaa, ana mto wake, ana kikombe chake. Hajaomba kwenda popote. Na mimi sijaomba kupumzika. Rafiki yangu wa Mombasa amekwisha kufa, lakini ungejua hilo kama ungekuwa unauliza habari zangu badala ya habari za Baba.

Acha nikueleze kitu. Wewe umempata Baba wa sikukuu. Amevaa kanzu mpya, amekula vizuri, anapelekwa kuona maji moto na kima. Mimi nina Baba wa Jumanne. Baba wa Jumanne hataki kuoga. Anauliza swali moja mara tano. Anasema chumvi haipo, nikiongeza anasema imezidi. Kucha zake nakata mimi, na hukaa akiangalia dirishani kama vile miguu si yake. Niliposwa mara ya pili, na mtu mzima mwenye heshima zake kutoka Jinja, nilikataa kwa sababu Baba alikuwa amefiwa na hakujua hata kuwasha jiko. Halafu siku moja, siku moja tu, wewe unampeleka juu ya kilima na anakuwa kijana.

Unaposema alizungumza sana na mengine umeyasahau, siamini. Wewe hujawahi kusahau neno la mtu.

Sabah


Fort Portal
2 Agosti 2025

Dada Sabah,

Assalaam alaykum. Pole sana kwa rafiki yako. Kweli sikujua, na naona aibu. Allah amrehemu.

Nimesoma barua yako mara nyingi na sina mengi ya kujibu. Ila hilo la Baba wa Jumanne limenikaa kifuani.

Nilikuwa na miaka minne Baba alipomwacha mama yangu na mama akanileta huku kwa kaka yake. Baada ya hapo Baba nilimwona mara saba hadi nilipoolewa. Nazijua zote saba. Ya tatu alikuja na wewe, ulikuwa umevaa hijabu ya kijani, na alikuita "mama" kwa mzaha kila alipotaka kitu: mama nipe maji, mama saa ngapi. Mimi aliniita "mtoto". Nilikaa mlangoni nikikuangalia, nikakuchukia, dada, Mungu anisamehe. Nilitamani kumsikia Baba akilalamika kuhusu chumvi. Jumanne yako hiyo mimi sijawahi kuionja.

Sikuombi tena. Naomba tu tuzungumze naye kwa simu siku za Jumapili, mimi na Taqwa.

Zuleika


Fort Portal
14 Septemba 2025

Dada Sabah,

Natumai hamjambo. Hujajibu, na Jumapili sita sasa nikipiga simu unaniambia Baba amelala. Saa nne asubuhi amelala, saa kumi alasiri amelala. Taqwa ameacha kuuliza. Jino lilipotea.

Nisingeandika kama si kwa hili. Juzi kulikuwa na msiba hapa mtaani, akaja mama mmoja wa Kibuli, anakujua, hununua mikeka kwako. Aliniambia alipita nyumbani kwenu mchana kumsalimia Baba, Maalim Habib kama wanavyomwita huko, akakuta lango limefungwa kufuli kwa nje. Akabisha. Baba akaitikia kutoka ndani, akamwambia, "Sina ufunguo, mama. Naomba unifungulie, nimechelewa."

Dada, nimechelewa wapi? Na kwa nini Baba anafungiwa?

Nimekuheshimu maisha yangu yote. Lakini usiponijibu kabla ya mwisho wa mwezi, nitapanda basi nije mwenyewe, na nitakuja na Nasif.

Zuleika


Kibuli
25 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Baba mzima wa mwili. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilolitafuta ulipofungua barua.

Ni kweli. Nilimfungia. Nitakueleza tangu mwanzo, na ukinihukumu utanihukumu kwa ukweli.

Baba aliporudi kutoka kwenu mwezi wa sita, siku ya pili tu, tukinywa chai, aliniambia, "Sabah, unayakumbuka yale mayai?" Nikamjibu, "Mimi sikuwepo, Baba. Ulikwenda na mwanao Zuleika." Akacheka, akasema, "Acha utani, tulipanda wote." Nilidhani ananicheza shere. Nilidhani anajua nimeumia kwa zile picha na anaficha kwa mzaha. Nikaweka kikombe chini kwa nguvu, nikatoka. Tangu siku ile nikawa simjibu kila alipotaja maji moto, na aliyataja kila siku.

Mwanzoni mwa Agosti nilikuwa dukani. Saa saba nikarudi kumpa chakula, nikakuta lango wazi na Baba hayupo. Viatu vyake vya msikitini havipo, fimbo ipo. Nilikimbia msikitini, hospitalini, kwa wanafunzi wake. Nilizunguka na boda boda hadi koo likakauka kwa kuuliza watu. Alasiri ilikuwa imeingia pikipiki iliposimama langoni, na nyuma yake Baba amekaa katikati ya dereva na mtu mrefu nisiyemjua.

Yule mtu anaitwa Barnabé, Mkongomani, anauza vitenge Kansanga. Alimshusha Baba taratibu, akaniambia kwa Kiswahili chao, "Mama, huyu muzee alikuja kwa duka yangu kwa miguu. Alikuwa anauliza njia ya kwenda kwa maji ya moto. Nikamuambia, muzee, hapa Kansanga maji ya moto iko kwa termosi tu. Akasema hapana, binti yangu ananingoja kule juu. Nikamuuliza binti yako ni nani? Akasema Sabah wa Kibuli, ule wa kuuzisha kanzu. Ndiyo nikamuleta."

Kutoka Kibuli hadi Kansanga, Zuleika. Kwa magoti yale. Barnabé alimkalisha, akampa chai na mkate, akafunga duka lake ili amlete, na hakutaka hata shukrani.

Nilimpeleka Baba kwa daktari. Alimuuliza mwaka gani huu, nani rais, wajukuu wangapi. Baba alijibu kwa adabu sana, na karibu yote hayakuwa sawa. Daktari akasema ni maradhi ya kusahau, yalianza zamani, na yataendelea.

Nilipaswa kukupigia simu saa ile ile. Sikupiga. Nilijua ukisikia utasema, "Si nilikuambia umlete huku?" na hakuna ambaye angenitetea. Nikanunua kufuli. Nikienda dukani nafunga, adhuhuri narudi, nafunga tena. Na ulipopiga simu nilisema amelala huku yeye yuko mbele yangu ananiangalia. Niliogopa atakuuliza kuhusu maji moto na nitasikia sauti yake ikichangamka.

Nilikuambia sina wivu. Nilidanganya. Nina wivu mpaka nimemfungia baba yangu ndani kama kuku.

Kufuli nimeitoa tangu barua yako ifike. Mpangaji wa nyuma anakaa naye nikiwa dukani, yeye na mtoto. Njoo ukitaka. Njoo na Nasif. Sitabisha.

Sabah


Fort Portal
2 Oktoba 2025

Dada yangu,

Waalaykumu salaam. Nimelia, Nasif amesoma, naye akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Allah amlipe kheri yule Barnabé. Ukimwona mwambie kuna familia Fort Portal inamwombea.

Sikuhukumu. Siwezi, kwa sababu na mimi kuna jambo nilikuficha, na kama ningelisema mwezi wa saba, Baba asingefika Kansanga peke yake. Uliandika kwamba sijawahi kusahau neno la mtu. Ni kweli, sikusahau.

Siku ile ya Sempaya, tangu tuliposhuka garini, Baba aliniita Sabah.

Mara ya kwanza nilidhani ulimi umeteleza. Nikasema, "Mimi Zuleika, Baba." Akasema, "Haya," kisha baada ya hatua kumi, "Sabah, shika hapa." Kwenye ngazi, "Sabah, usiniache." Taqwa akaanza, "Babu, huyu si..." nikamfinya mkono akanyamaza. Tulipofika juu, Nabangala akamuuliza kwa heshima tu, "Mzee, huyu ni nani wako?" Baba akajinyoosha, akasema, "Huyu ni Sabah, binti yangu wa kwanza. Huyu ndiye anayenitunza. Kila siku ananiambia tutoke, nami namkatalia. Leo nimemtii." Na hapo ndipo alipocheka, dada. Ile picha yenye meno, ile unayoiona kila siku, Nasif aliipiga wakati Baba anasema hivyo. Alikuwa anacheka na wewe.

Akazungumza nusu saa. Kuhusu duka lako, kuhusu mama yako, kuhusu wewe ulivyokuwa ukimsahihishia madaftari ya madrasa ukiwa na miaka kumi. Jina langu halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Nimekaa pembeni yake, mkono wangu umo ndani ya mkono wake, na mimi sipo.

Nilirudi nyumbani nikaandika, "Leo Baba alikuwa wangu." Niliandika ili watu wasome, labda likisomwa na watu wengi litakuwa kweli. Na nilitaka wewe uumie. Nilifanikiwa.

Nilijua tangu pale juu kwamba akili ya Baba inapotea. Nikanyamaza, kwa sababu ili kusema ugonjwa wake ilikuwa lazima niseme na jina aliloniita.

Ombi langu narudia sasa kwa njia nyingine. Mlete. Hapa nyumbani kuna mtu muda wote: mimi dukani ni hapo hapo mbele, Nasif jioni, bustani ina ua. Hutamfungia na hutafunga duka lako. Siombi tena awe wangu. Akiniita Sabah nitaitika Sabah. Na mwezi wa kumi na mbili, ukiwa hapa, twende naye kule pamoja.

Mdogo wako,
Zuleika


Kibuli
11 Januari 2026

Mdogo wangu Zuleika,

Assalaam alaykum. Nilifika Kampala salama, tangu wiki mbili zilizopita. Basi halikuharibika njiani. Duka nimelikuta lina vumbi la kulima. Mtoto wa mpangaji ameanza kukaa mwenyewe, akianguka anacheka. Barnabé nilimpelekea kanzu, akaivaa pale pale juu ya suruali, akasema anafanana na sheikh, mkewe Annick akamwambia sheikh gani hana hata ndevu. Nyumba imekuwa kubwa tangu nilipomwacha Baba kwenu. Bado napika chai ya watu wawili, nakumbuka wakati nimekwisha kumimina.

Tunazungumza kwa simu kila Jumapili, na ungeweza kuuliza kwa nini naandika. Kuna jambo nimelibeba kutoka Sempaya, na kwa simu sitaweza kulimaliza.

Unakumbuka tulivyopanda. Baba alikushika wewe mkono, mimi nikawa nyuma na begi. Pale kwenye njia ya mbao aligeuka akaniangalia, akakuuliza kwa sauti ya chini, "Sabah, yule mama ni nani anatufuata?" Wewe uliniangalia. Nami nilisema, "Mimi Zuleika, Baba." Sikupanga. Nilitaka tu asiogope. Nilikuona umefumba macho.

Tulipofika juu, Taqwa akakuvuta mshuke na Nabangala mkachemshe mayai, na Nasif akawafuata. Nikabaki na Baba kwenye benchi. Mvuke ulikuwa mwingi siku ile, maji unayasikia kabla ya kuyaona. Baba akautazama mvuke ule. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni kama alivyokuwa akitutazama zamani sisi watoto wa madrasa tukisoma, akasema:

"Zuleika, kumbe umekuja."

Nikasema, "Nimekuja, Baba."

Akasema, "Nilidhani hutaki kuniona."

Akaendelea, na haya nayaandika kama alivyoyasema. "Mimi nilikuja Fort Portal mara nyingi kuliko unavyojua. Nilikuwa nashuka kwenye basi, nafika hadi ng'ambo ya barabara ya nyumba ya mjomba wako. Nakuona unaruka kamba na wenzako, umevaa sare. Namwona mama yako ameanika nguo. Nasimama. Halafu naona aibu, mwanangu. Nilimwacha mama yako kwa hasira ya siku moja na nikashindwa kurudi kwa haya ya miaka. Nikawa napanda basi la jioni, narudi Kampala. Sabah ananiuliza, 'Baba, mtoto hajambo?' Namwambia hajambo, anakusalimu. Hujawahi kunisalimu. Mimi sikuvuka barabara." Akashika mkono wangu. "Si kwamba nilikupenda kidogo. Nilikuonea aibu. Nisamehe."

Zuleika, nakiri mbele ya Mungu, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa wivu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpakia mkate wa safari zile. Nilidhani anaingia ndani, anakula nanyi, anakubeba. Nilikuonea wivu utoto wangu wote kwa ziara ambazo hazikuwapo. Na sasa nimekaa kwenye benchi, nimemlea miaka minane, na neno la kuomba radhi analitoa kwa jina lako. Mimi hajawahi kuniomba radhi kwa chochote.

Hakuniambia nisamehe mara moja tu. Alirudia. Alikuwa anasubiri jibu. Ningeweza kusema, "Nimekusamehe, Baba," na angetulia. Neno lilinifika mdomoni. Lakini halikuwa langu kulitoa. Nilimwambia, "Nimesikia, Baba." Akatikisa kichwa, akaridhika nusu. Mkafika na mayai, akamega yai lake, akakupa wewe, akasema, "Kula, Sabah."

Ulipomfuta mdomo na ukanitazama, ulidhani nalia kwa sababu ya hilo.

Nilipaswa kukuambia jioni ile ile. Nimekaa na maneno haya siku kumi na saba. Kila asubuhi nilijiambia yaache, Baba hatakumbuka, Zuleika hajui, hakuna aliyepungukiwa. Nilitaka kubaki na kitu chake kimoja ambacho wewe huna. Hata kama kitu chenyewe ni chako.

Basi nimekurudishia. Sijapunguza neno.

Yuko hapo kwako, pengine sasa hivi ameketi bustanini anakuita kwa jina langu. Itika. Kisha kaa karibu naye umwambie wewe ni Zuleika, umwambie hata mara ishirini, mpaka ipatikane saa moja atakapokujua. Mimi nilimwambia nimesikia tu. Kumsamehe au kutomsamehe ni kwako, na vyovyote utakavyomjibu, sitakuuliza.

Dada yako,
Sabah